Kilomita 850 za Mwanza na Kilomita 850 za Sumbawanga

Kila ninapoanza muhula na wanafunzi wapya huwaomba tujitambulishe: jina, somo mtu analolipenda, na kwao ni wapi. Zamu yangu ikifika hutaja Msanzi, katika Wilaya ya Kalambo, kusini mwa mji wa Sumbawanga. Hapo ndipo kicheko huanzia viti vya nyuma. Mwaka huu kijana mmoja, kwa adabu zote, alinyosha mkono akauliza: “Samahani Mwalimu, likizo hii ulirudi kwa basi au kwa ungo?” Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, kwa sababu utani ni jadi yetu Watanzania, na anayeukasirikia utani huuongezea chumvi.

Lakini sikuliacha swali lipite bure. Nilibandika ubaoni ramani ya Tanzania, nikamwita kijana yule, nikampa rula. Nikamwambia apime mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kisha mwingine kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga. Alipima mara ya kwanza, akasita. Akapima tena. Kisha akageuka kuniangalia kana kwamba rula ina hila.

Rula haikuwa na hila. Ukichukua latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe vya ndege na kufanya hesabu, Mwanza iko takribani kilomita 850 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya anga, na Sumbawanga takribani kilomita 845. Ni umbali mmoja. Bukoba iko mbali zaidi, kama kilomita 1,020. Kigoma iko mbali zaidi ya Bukoba, kama kilomita 1,080. Ndege ya abiria yenye mapangaboi, iendayo kilomita 600 hivi kwa saa, huhitaji saa moja na nusu kuufikia mji wowote kati ya Mwanza na Sumbawanga, ukijumlisha muda wa kupaa na kushuka.

Hata hivyo hakuna anayemuuliza mtu wa Mwanza kama alisafiri kwa ungo. Mwanza ni mji unaofikika. Sumbawanga ni kule, ambako mtumishi akipangiwa kituo hupewa pole na jirani zake. Makala hii inauliza swali moja: ikiwa ardhi imeiweka miji hii miwili katika umbali ule ule, ni nani aliyeisogeza mmoja karibu na kuusukuma mwingine mbali?

Kwangu swali hili si la ubaoni tu. Februari 2006 nilipigiwa simu usiku, nikiwa Dar es Salaam, kwamba bibi yangu mzaa mama amefariki. Alfajiri nilikuwa kwenye basi. Siku ya kwanza iliishia Mbeya, tukalala. Siku ya pili tulipita Tunduma, tukaiacha lami, na kabla ya Laela basi likazama kwenye tope. Tulishuka, tukasukuma, tukakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu, tukalala humo humo ndani ya basi. Siku ya tatu jioni nikaingia Sumbawanga. Siku ya nne asubuhi nikafika Msanzi, nikaoneshwa kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kukauka. Mwaka ule ule mwenzangu wa idarani, ambaye kwao ni Mwanza, alifiwa na baba yake. Alipigiwa simu jioni, akapanda ndege asubuhi, na mchana alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Sikumwonea wivu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya safari kwa jicho la mtu aliyechelewa maziko.

Turudi nyuma, enzi za misafara. Mei 1879 msafara wa Shirika la Jiografia la Kifalme la Uingereza uliondoka Dar es Salaam. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki baada ya wiki chache, na kijana Joseph Thomson akachukua uongozi. Ilipofika Novemba alikuwa ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata alipita Ufipa, iliyokuwa himaya ya mfalme Kapuufi. Hakukuta nchi ya pembezoni. Alikuta wakulima wa nyanda za juu waliosuka nguo zao wenyewe kwa pamba, katika nchi ambayo wahunzi wake waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu. Katika dunia ya mwendo wa miguu kila mji ulikuwa kitovu cha safari zake wenyewe. Kutoka Ufipa, Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mbali.

Umbali wa aina nyingine uliingia na reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kutoka Sumbawanga hadi Tabora ni kilomita 340 na ushei kwa mstari ulionyooka. Mtu wa Ufipa aliyetaka kuifikia reli alitembea wiki mbili au tatu, au aliteremka bondeni hadi Kasanga au Kirando kungoja chombo cha ziwani. Mwaka 1928, chini ya Waingereza, tawi la reli lilitoka Tabora likaenda Mwanza. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda bandarini, na Mwanza ikaanza kusogea. Kufikia 1950 tawi jingine lilielekea kusini, upande wetu, likaishia Mpanda. Lilifuata madini ya risasi. Pale risasi ilipokoma, na reli ilikoma.

Na anga je? Hapa ndipo historia inaposhangaza, kwa sababu Ufipa ilikuwa kwenye njia ya ndege mapema kuliko karibu kila mahali nchini.

Tukumbuke kwanza jinsi habari zilivyosafiri wakati huo. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akipigana pamoja na askari na wapagazi wake katika Rhodesia ya Kaskazini, alizipata habari hizo tarehe 13 karibu na mto Chambeshi. Akatembea na jeshi lake hadi mji wa Abercorn, na huko wakaweka silaha chini tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha. Abercorn ndiyo Mbala ya leo, nchini Zambia, ng’ambo tu ya mpaka wetu wa Kalambo.

Mwaka uliofuata mji huo huo mdogo uliingizwa kwenye mpango mkubwa. Waingereza walitaka njia ya anga kutoka Cairo hadi Cape, nao wakaanza kuandaa viwanja, kimoja baada ya kingine. Abercorn ilikuwa kituo kilichofuata baada ya Tabora. Viwanja hivyo havikutengenezwa na marubani. Kwa mfano, huko Ndola watu wapatao 700 walifanya kazi kwa miezi mwaka 1919 kung’oa miti na kubomoa vichuguu, wakaondoa udongo unaokadiriwa kufikia tani 25,000. Ndivyo njia ya anga ilivyoanza barani kwetu: kwa jembe, karai na mgongo wa mtu ambaye hakuna aliyefikiri kumpa kiti.

Februari 1920 marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliruka kutoka Uingereza kwa ndege ya aina ya Vickers Vimy. Ndege nyingine ya aina hiyo, iliyokuwa kwenye safari kama yao, ilianguka Tabora mwezi huo huo na safari yake ikaishia hapo. Van Ryneveld na Brand walikuwa wameipoteza ndege yao ya kwanza huko kaskazini, wakapewa ya pili. Kwa hiyo ya pili walipita Tabora, wakatua Abercorn, wakaendelea hadi Bulawayo, nako wakaivunja. Walifika Cape Town tarehe 20 Machi kwa ndege ya tatu.

Sasa chukua tena rula. Weka ncha moja Tabora na nyingine Mbala. Mstari huo, wenye urefu wa kilomita 450 hivi, unakatiza juu ya nyanda za Ufipa na kupita karibu kabisa na Sumbawanga. Vimy haikuweza kuzidi sana kilomita 160 kwa saa, hivyo kipande hicho kilihitaji kama saa tatu. Msafara wa miguu ungekitumia karibu mwezi mzima. Yaani katika mwaka ambao Mwanza ilikuwa bado haina hata reli, njia ya anga iliyokusudiwa kuunganisha ncha mbili za Afrika ilichorwa juu ya mashamba yetu. Ilipita juu. Haikushuka.

Miaka kumi na moja baadaye njia ile ikawa biashara. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa safari hiyo upande wa kusini ulikuwa Mwanza. Naam, Mwanza, ambako ndege za kutua majini zilikuta ziwa liko tayari na reli imefika. Januari 1932 njia ikarefushwa hadi Cape Town, na safari nzima ilikadiriwa kuchukua siku 11. Vituo vyake nchini vilikuwa Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha ndege ilivuka kwenda Mpika. Njia ya Tabora na Abercorn ikaachwa. Mbeya ilikuwa jirani na dhahabu ya Lupa, na ilikaa vizuri kwenye mstari utokao Nairobi. Nyanda za Ufipa, zenye majani mafupi na miti michache, ambako rubani angeweza kuona mahali pa kutua toka mbali, hazikuwa na kitu ambacho London ilikihitaji wiki hiyo.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: huko si kupendelea wala kuonea, ni biashara. Mwanza ina ziwa, ina watu wengi, ilikuwa na pamba. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Lakini naomba tuangalie mpangilio wa matukio. Pamba haikuivuta reli peke yake, reli nayo iliivuta pamba. Mahali palipopata chombo cha kusafirisha palianza kuzalisha kwa ajili ya soko. Palipokosa palianza kusafirisha kitu pekee kiwezacho kujibeba chenyewe, nacho ni vijana. Vijana wa Kifipa walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwenye migodi ya shaba ng’ambo ya mpaka. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kwake Tanga ilikuwa karibu kwa sababu aliyehitaji mikono yake alijua namna ya kumfikisha. Kurudi kulikuwa juu yake mwenyewe.

Kama umbali ni maamuzi, basi baada ya Uhuru tungetarajia maamuzi mengine. Yalikuwepo, na moja nalikumbuka kwa heshima ijapokuwa nalifahamu kwa kasoro zake. Katikati ya miaka ya 1970, muda mfupi baada ya Mkoa wa Rukwa kuundwa mwaka 1974, Serikali iliweka bei moja ya mazao nchi nzima. Gunia la mahindi la Msanzi lilinunuliwa kwa bei ya gunia la Morogoro. Gharama ya safari ikabebwa na taifa kupitia Shirika la Usagishaji la Taifa. Rukwa, iliyokuwa ikilimia zaidi tumbo lake, ikawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Udongo ulikuwa ule ule, mvua ile ile, na tuta la ntumba ambalo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima aliondolewa adhabu ya umbali.

Sitaficha upande wa pili. Mpango ule ulikuwa ghali, shirika lililimbikiza madeni makubwa, na mahindi mengine yalioza maghalani kwa kukosa malori. Bei moja ilipoondolewa, miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, adhabu ya umbali ilirejeshwa kwa mkulima. Hata hivyo tulijifunza jambo ambalo hatupaswi kulisahau: kwa miaka michache, bila kuihamisha Sumbawanga hata hatua moja, taifa liliweza kuisogeza.

Miundombinu mikubwa iliendelea kupita kando. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilivuka mpaka Tunduma. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga zilibaki kilomita zipatazo 224 za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ndizo zilizonizuia nisimzike bibi yangu. Barabara hiyo ilipata lami kwa fedha za mkataba wa Changamoto za Milenia uliosainiwa na Marekani mwaka 2008, mkataba uliofika mwisho mwaka 2013. Desemba 2012 uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa huko Mbeya, na mtu wa Rukwa aliweza kutua upande wetu wa nchi kisha akamalizia safari kwa gari, kilomita 300 hivi, juu ya lami.

Na uwanja wa Sumbawanga wenyewe? Kwa miongo mingi ulikuwa wa changarawe. Uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jambo hili lina maana kubwa. Kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi. Injini hupoteza nguvu, bawa halipati hewa ya kutosha kulibeba, hivyo ndege ile ile inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia kuliko inayoihitaji Dar es Salaam. Njia fupi ya changarawe kwenye mwinuko ule hupokea ndege ndogo tu, na ndege ndogo hubeba watu wachache kwa nauli kubwa. Mpango wa kuujenga upya uliunganishwa na viwanja vya Tabora, Kigoma na Shinyanga kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, nao ukachelewa kwa miaka kabla kazi haijaonekana. Ulipoanza kweli nilifurahi, bila kusahau kwamba hesabu ilianza kusoma mwaka 1920.

Kuna jambo nataka kuwaambia hasa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, maana wao ndio wanaoandika maandiko ya mipango. Neno “pembezoni” limezoeleka mno kwenye nyaraka zetu. Tunaandika “mikoa ya pembezoni” kama tunavyoandika “mikoa yenye mvua nyingi”, kana kwamba ni tabia ya ardhi. Siyo. Ni matokeo ya orodha ndefu ya vikao, na baadhi ya vikao hivyo tumevikalia sisi wenyewe. Ninapendekeza jambo dogo: katika kila jedwali lenye safu ya kilomita, ongezeni safu ya saa. Saa ngapi mama mjamzito aliyeandikiwa rufaa atafika hospitali ya kanda? Saa ngapi dawa itatoka bohari hadi zahanati? Saa ngapi mtumishi aliyefiwa atafika kwao? Kilomita hazijibu maswali hayo. Zinaweza hata kuyaficha, kama zilivyoifanya miji yenye umbali mmoja ionekane kuwa na umbali tofauti.

Nimalizie na ungo. Wengi wetu tunajua kwamba jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa ni agizo: tupa uchawi wako. Aliyeingia mjini alitakiwa kuuacha nje. Mji ulioitwa kwa katazo la uchawi umekuwa ndio unaotaniwa kwa uchawi nchi nzima, na utani wenyewe ni wa usafiri: kwamba mtu wa kule hupaa usiku na kufika Dar es Salaam kabla ya jogoo. Nimewahi kujiuliza kwa nini utani huu ukachukua sura ya kuruka. Jibu langu, ambalo sidai kuwa ndilo pekee, ni kwamba watu waliona mtu ametoka mahali ambapo hakuna treni, barabara haipitiki na ndege haitui, na bado amefika. Ilikuwa rahisi kusema amekuja kwa ungo kuliko kuamini kwamba amesukuma basi siku mbili.

Kijana aliyeniuliza swali alinifuata baada ya kipindi. Yeye kwao ni Misungwi, karibu kabisa na Mwanza. Hakuomba radhi, wala sikutaka aombe. Alikuwa amenakili namba zote kwenye daftari lake, na chini yake ameandika swali ambalo ameomba liwe mada ya utafiti wake wa mwaka wa tatu: kati ya Dar es Salaam na makao makuu ya kila mkoa, safari ilichukua saa ngapi mwaka 1931, mwaka 1961, mwaka 1991 na leo, na ni nani aliyeamua. Nimemkubalia. Nimemwambia aanze na Mwanza na Sumbawanga, na kwamba akifika Msanzi wakati wa likizo, kwa chombo chochote atakachokipata, atalala kwetu.